Nani Atakulaza? Vyeti vya Usingizi, Ifakara na Ng'ambo

Mtu wa Lipangalala, Ifakara, akiambiwa hospitalini kwamba lazima apasuliwe, ndugu huanza na pesa, kisha nani atabaki na watoto, kisha daktari gani atashika kisu. Madaktari wa upasuaji wana majina mjini Ifakara. Husifiwa na kusemwa vijiweni. Atakayemlaza mgonjwa, akakaa kichwani pake tangu sindano ya kwanza hadi anapofumbua macho, hana jina. Ni "yule wa nusukaputi". Mgonjwa akipona humshukuru daktari, na yule aliyemlindia pumzi saa nzima wala hamkumbuki.

Kwa kuwa hatumkumbuki, hatuulizi pia maswali ambayo wenzetu wameyagombania mahakamani na kwenye mikutano ya madaktari: mtu huyu asome muda gani, apimwe na nani, na cheti chake kimruhusu kufanya nini akiwa peke yake? Ifakara iliyajibu maswali hayo kwa namna yake, tena kwa ujasiri, na jibu hilo linaeleweka vizuri zaidi likiwekwa kando ya majibu ya Marekani na Uingereza.

Kuanzia Juni 2009 hadi Aprili 2010, kituo cha mafunzo cha TTCIH, kilicho jirani na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, kiliendesha kozi ya miezi 3. Waliosoma walikuwa 45: watu 43 kutoka vituo vya afya 12 vya wilaya 11 za vijijini, na wawili kutoka Somalia. Kati yao, madaktari wasaidizi 14 walijifunza upasuaji wa kujifungua na dharura nyingine za uzazi. Wauguzi, wakunga na matabibu 31 walijifunza usingizi. Dk. Angelo Nyamtema na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2011, na jambo moja ninalolipenda katika ripoti yao ni kwamba walihesabu kazi za mikono, si siku za darasani tu. Wanafunzi wa usingizi walilaza au kupiga ganzi mara 1,161 wakiwa chini ya uangalizi. Ukigawa kwa watu 31, kila mmoja alipata kama mara 37.

Mara 37 ni chache. Njia ya kawaida nchini ni ndefu zaidi: muuguzi aliyekwisha kusajiliwa huenda KCMC Moshi, Muhimbili au Bugando, akasoma usingizi mwaka mzima. Waandaaji wa kozi ya Ifakara walilijua hilo. Walijua pia kwamba wakati ule upasuaji wa kujifungua ulikuwa kama asilimia 3 tu ya uzazi wote nchini, na kwamba nchi ilikuwa na theluthi moja hivi ya watumishi wa afya waliohitajika. Anayelijua bonde la Kilombero hahitaji kuelezwa zaidi. Mlimba iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Ifakara, na barabara yake masika ni habari nyingine. Ng'ambo ya mto, watu wa Ulanga na Malinyi walikuwa wakisubiri pantoni hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 2018. Mama ambaye mtoto amekwama njiani hasubiri pantoni.

Sasa tuangalie Marekani. Miaka ya 1960 nchi hiyo nayo ililia upungufu wa watu wa usingizi. Madaktari bingwa watatu, Joachim Gravenstein, John Steinhaus na Perry Volpitto, wakapendekeza kada mpya: mtu aliyesoma sayansi chuo kikuu afundishwe usingizi moja kwa moja, bila kupitia uuguzi, awe msaidizi wa daktari bingwa. Mwaka 1969 mafunzo yakaanza katika Chuo Kikuu cha Emory mjini Atlanta na Case Western Reserve mjini Cleveland. Anayeitaka kazi hiyo leo humaliza kwanza shahada ya kwanza akiwa na kemia, biolojia na fizikia za kutosha, hufanya mtihani wa kuingilia, husoma shahada ya uzamili ya miaka 2 au zaidi kidogo, na hutimiza zaidi ya saa 2,000 akiwa na wagonjwa. Baada ya hapo kuna mtihani wa taifa chini ya tume ya vyeti iliyoanzishwa mwaka 1989. Akifaulu bado hajamaliza: kila miaka 2 huonyesha saa alizojiendeleza kimasomo, na baada ya miaka kadhaa hupimwa upya. Asipofanya hivyo cheti kinakufa.

Pamoja na usomi wote huo, haruhusiwi kufanya kazi bila daktari bingwa wa usingizi wa kumwelekeza. Kanuni za malipo za Medicare, bima ya serikali ya wazee, zinataka daktari huyo asielekeze vyumba zaidi ya 4 kwa wakati mmoja, na awepo mwenyewe kwenye hatua ngumu za kulaza na kuamsha. Kwa hiyo aliyesoma miaka miwili juu ya shahada haachwi peke yake na mgonjwa, ilhali aliyesoma miezi mitatu ndiye anayepelekwa mahali ambapo bingwa hafikiki hata kwa safari ya siku nzima.

Kuna watakaosema hii ni dharau kwa maskini, na kuna watakaosema madaktari wa Marekani wanalinda ulaji wao. Kila upande una chembe ya ukweli. Ila nikivisoma vyeti vyenyewe naona havijibu swali moja. Cha Atlanta kinauliza: je, mtu huyu anafaa kuingizwa katika timu ambayo tayari imekamilika? Cha Ifakara kinauliza: je, akirudi kituoni kwake, wajawazito wa pale watakuwa salama kuliko walivyokuwa mwezi uliopita? Mtahini wa swali la kwanza anaweza kudai makuu, kwa sababu akimfelisha mwanafunzi hakuna mgonjwa anayekosa huduma, yupo mwingine. Mtahini wa swali la pili hana anasa hiyo.

Kazi yenyewe kwa karibu iko hivi, kwa mama anayepasuliwa akiwa macho.

"Mama, kaa ukingoni mwa kitanda. Miguu ining'inie. Kumbatia huu mto, kidevu kifuani, toa mgongo kwangu."

"Nesi, uchungu unakuja tena."

"Haya, upite kwanza. Ukipita niambie, halafu usitikisike kabisa."

Mtu wa usingizi anapapasa mfupa wa nyonga kwa vidole viwili ili ajue yuko usawa gani wa uti wa mgongo. Anasafisha kwa aidini mara ya kwanza, mara ya pili. Sindano nyembamba inapita ngozi, inakutana na ugumu, mkono unahisi imepenya, na maji maangavu yanaanza kudondoka. Hapo anaingiza bupivakaini, mililita 2 hivi, taratibu. Mama analazwa chali, kitambaa kilichokunjwa kikiwekwa chini ya nyonga ya kulia, mfuko wa uzazi usiukalie mshipa mkubwa wa damu. Pamba yenye spiriti inapitishwa tumboni: hapa unasikia baridi? Na hapa? Presha ikianza kushuka, dripu inafunguliwa na efedrini inaingia.

Mkunga makini akiyafanya haya mara 37 na mwalimu begani, atayaweza. Siku nyingi kazi ya usingizi ni hiyo hiyo, na ndiyo maana watu wengi waliosomeshwa kwa muda mfupi wanaifanya vizuri, jambo ambalo mabingwa wengine hawapendi kulisikia. Lakini kuna siku ganzi inapanda. Mama anasema vidole vya mikono havina nguvu, sauti yake inakwisha, anapumua juu juu, kisha hapumui. Hakuna tena nadharia; kuna dakika chache za kushika taya, kubana barakoa usoni, kufinya mfuko wa hewa na pengine kuingiza mpira kooni. Jambo kama hilo, au koo linalokataa mpira, hutokea mara moja katika mamia ya wagonjwa. Aliyefanya mara 37 huenda hajaliona. Aliyetimiza saa 2,000 huenda ameliona, na siku alipoliona kulikuwa na mtu wa kumwita.

Ndiyo sababu nayasoma matokeo ya Ifakara kwa heshima lakini kwa tahadhari. Katika vituo 3, miezi 8 ya kwanza ilileta upasuaji wa kujifungua 179. Idadi ya wanaojifungulia kituoni iliongezeka hadi asilimia 300. Rufaa za uzazi zilipungua sana. Watoto waliofia tumboni muda mfupi kabla ya kuzaliwa walionekana kupungua, ingawa kwa idadi ile ndogo hesabu haiwezi kuapa. Mama 2 walifariki, wote walifika wakiwa mahututi. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema ingekuwa heri vituo vile visifunguliwe. Hata hivyo, kozi nzuri na kozi yenye hatari iliyojificha zinaweza kufanana kabisa ukizipima kwa wagonjwa 179. Ajali za usingizi hazijitokezi katika mwaka wa kwanza wa mradi, wakati wafadhili wanapiga picha. Hujitokeza mwaka wa nne, usiku, umeme umekatika.

Kuna mambo mawili katika kozi ile ambayo watu huyapita haraka wanapoisifia, kwa kuwa "miezi 3" ndiyo inayovutia macho. Moja ni kwamba washiriki walichaguliwa kwa timu. Atakayepasua na atakayelaza walitoka kituo kimoja, wakasoma mji mmoja, wakarudi pamoja. Aliyewahi kuona muuguzi akirudishwa kutoka masomoni na kupangiwa wodi isiyohusiana na alichosomea anajua thamani ya hilo. La pili ni kwamba baada ya kuhitimu, vituo vilivyoboreshwa vilitembelewa kila mwezi kwa usimamizi. Kwa maneno mengine, waandaaji hawakudai kwamba miezi 3 inamkamilisha mtu. Walimtoa darasani mapema na wakaendelea kumfundisha kwenye chumba chake cha upasuaji. Marekani inamweka msimamizi chumba cha jirani, na Ifakara ilimpakia kwenye gari. Ukiondoa usimamizi huo, kinachobaki ni kozi fupi tu, na kozi fupi tu mimi nisingeitetea.

Uingereza inatufaa kwa sababu nyingine. Kule usingizi ni kazi ya madaktari tangu enzi za John Snow, daktari aliyempa Malkia Victoria klorofomu alipojifungua mwaka 1853. Kada ya wasaidizi wasio madaktari iliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa mafunzo ya miezi 27 baada ya shahada. Mafunzo hayana tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba kada hiyo ilifanya kazi takriban miaka 20 bila usajili wa kisheria. Baraza Kuu la Madaktari lilianza kuisajili Desemba 2024 tu. Kabla na baada ya hapo vumbi lilitimka. Oktoba 2023 wanachama wa chuo cha kitaifa cha madaktari wa usingizi walipiga kura kutaka uajiri wa kada hiyo usimamishwe kwanza. Julai 2025 tathmini iliyoongozwa na Profesa Gillian Leng ikapendekeza hata jina la kada libadilishwe, mgonjwa asidhani anahudumiwa na daktari.

Ukisoma ugomvi huo ukiwa Kilombero, unagundua jambo ambalo hatujisifii nalo: muuguzi wa usingizi wa Tanzania ni muuguzi kwanza. Kabla hajagusa sindano ya mgongo, Baraza la Uuguzi na Ukunga linamjua, lina namba yake, na linaweza kumnyang'anya leseni. Mwingereza mwenye miezi 27 alikosa hilo kwa miongo miwili.

Wauguzi wa Marekani wenyewe wana historia inayofanana zaidi na ya kwetu kuliko ya wale wasaidizi wa Atlanta. Mwishoni mwa karne ya 19 masista wa Kikatoliki walikuwa tayari wanalaza wagonjwa. Anayetajwa kuwa wa kwanza ni Sista Mary Bernard wa Erie, Pennsylvania. Alice Magaw, muuguzi wa hospitali ya akina Mayo huko Minnesota, alitoa mwaka 1906 taarifa ya wagonjwa zaidi ya 14,000 waliolazwa bila hata mmoja kuuawa na dawa ya usingizi. Madaktari hawakukubali kirahisi. Walimfikisha mahakamani muuguzi Dagmar Nelson wa California, wakidai anafanya udaktari bila leseni, na mwaka 1936 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ikampa ushindi: anayelaza mgonjwa kwa maelekezo ya daktari mpasuaji hajavunja sheria. Tangu hapo wauguzi wa usingizi wamejenga himaya yao, na ndio wanaoongoza kuwapinga wasaidizi wa kada ya 1969. Matokeo yake cheti kinachoheshimika Georgia na Ohio hakikufungulii mlango California. Nchi moja, mtihani mmoja, koo zile zile za wagonjwa. Muuguzi wa usingizi anayehamia kule kutoka Afrika Mashariki hukuta uzoefu wake hauhesabiki kabisa. Hana budi kuanza upya chuoni.

Kwa Ifakara mtu angetarajia mfano wa Uswisi. Wakapuchini wa Uswisi na masista wa Baldegg ndio walioijenga huduma ya afya ya bonde hili, na Rudolf Geigy wa Basel alifungua maabara yake ya utafiti hapa mwaka 1957. Uswisi ina wauguzi wa usingizi wenye heshima kubwa: muuguzi kamili, kisha miaka 2 ya ubingwa akiwa kazini hospitalini, daktari akiwa karibu. Lakini mfano huo haukuletwa. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, Geigy na wafadhili wake wa Basel walifungua hapa kituo cha kuwafundisha wahudumu wa tiba wa vijijini, watu wa kusomeshwa kwa haraka na kurudishwa zahanati. TTCIH ya sasa imekua kutoka mzizi huo. Kwa hiyo kozi ya 2009 haikuwa jambo la dharura lililobuniwa na mradi fulani. Ilikuwa tabia ya zamani ya mji huu: mchukue aliye karibu na mgonjwa, mfundishe kile tu atakachokifanya, mrudishe alikotoka. Mila hii ina nguvu yake na ina uzembe wake. Nguvu ni kwamba mtu anarudi kweli. Uzembe ni kishawishi cha kuridhika, kwamba kwa kuwa ni wa kijijini, hicho alichopata kinamtosha.

Kenya imejaribu kukaa katikati. Hospitali ya AIC Kijabe, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani, huwafundisha wauguzi waliosajiliwa kwa mwaka mmoja na nusu, na wanafundishwa wakijua wazi kwamba wengi watafanya kazi bila bingwa. Hilo la mwisho ndilo linalonivutia. Mafunzo ya Atlanta yanaweza kudhani msaada utakuja. Ya Kijabe na Ifakara hayawezi, kwa hiyo sehemu kubwa ya muda inapaswa kwenda kwenye ile siku moja kati ya mamia: barakoa, mfuko wa hewa, koo, tena na tena hadi mikono ijue yenyewe. Ningekuwa na mamlaka juu ya ratiba ya kozi yoyote fupi, ningepunguza historia ya dawa na kuongeza hapo.

Cheti pia hakibebi oksijeni. Uganda ilitupa somo hilo mwaka 2007, pale watafiti walipochapisha majibu ya wahudumu 97 wa usingizi nchini humo kuhusu vifaa walivyokuwa navyo. Waliokuwa na vifaa vya kumlaza mtu mzima kwa usalama walikuwa asilimia 23. Kwa mtoto, asilimia 13. Kwa mama wa upasuaji wa kujifungua, asilimia 6. Watu hao walikuwa na vyeti vyao. Kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, ambacho shirika la Lifebox limekuwa likisambaza tangu 2011, kinaweza kumwonya mwenye miezi 3 mapema kuliko jicho la mwenye miaka 3. Ketamini nayo, iliyoruhusiwa kwa wagonjwa mwaka 1970, imeokoa hospitali nyingi za misheni kwa sababu mgonjwa kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe. Wakati mwingine dawa na kifaa ndivyo vinavyoamua urefu wa masomo unaotosha, wala si baraza.

Mwaka 2018 Tanzania ilizindua mpango wake wa taifa wa upasuaji, uzazi na usingizi, na mamia ya vituo vya afya vimejengewa vyumba vya upasuaji. Vyumba vinaonekana, viongozi huvikatia utepe. Msimamizi wa kila mwezi haonekani, hakatiwi utepe, na fungu lake ni jepesi kufutwa bajeti ikibana. Kama ningeruhusiwa kuazima kitu kimoja kutoka Atlanta, nisingeazima shahada ya uzamili. Ningeazima tarehe ya mwisho ya cheti. Muuguzi aliyesoma miezi 3 au mwaka 1 arudi Ifakara, au Moshi, kila baada ya muda uliopangwa, akae wiki mbili thieta, alaze watoto na wagonjwa wagumu ambao kituoni kwake hawaoni, na apimwe kwa mikono yake juu ya koo la sanamu kabla ya kurudishiwa ruhusa. Apewe posho, na kituo kipelekewe mtu wa kushika nafasi yake wiki hizo, maana bila hivyo mganga mfawidhi hatamruhusu kuondoka, na atakuwa na haki.

Na kama fedha zinatosha jambo moja tu, zinunue kwanza mafuta ya gari la yule msimamizi, kabla ya chumba kingine kipya.